Gia za Mkono

Makame alikaza nati ya mwisho, akatambaa kutoka uvunguni mwa gari. Giaboksi ya otomatiki aliyoing'oa ilikuwa imelala uani, ikivuja mafuta mekundu.

"Sasa ni gia za mkono, usizozijua," alimwambia mkewe, akamrushia ufunguo. "Haya, nenda kwenu tuone!"

Ziada alitupa begi kiti cha nyuma, akavua kandambili, akaingia. Makame alitabasamu, akingoja gari lizime. Mguu mtupu ulikanyaga klachi, ukaiachia taratibu, na gari likaondoka bila hata kushtuka.

"Ziada! Nani kakufundisha?"

Langoni, Ziada aliingiza gia ya pili.

Pale ulipokuwa mlango wa gari, kandambili zilibaki zimepangwa vizuri, kama za mtu aliyeingia nyumbani kwake.