Vumbi Kwenye Darubini

"Thubutu uone!" Noelene alinipokonya darubini kabla pindo la shati langu halijagusa lenzi. "Hilo vumbi lina mchanga. Ukisugua, umeziharibu."

Upepo wa kaskazini ulikuwa ukiutikisa mnara wetu wa kuangalizia moto wa nyika tangu asubuhi, ukituletea vumbi la mashamba ya ngano. Kwa lenzi zile zenye vumbi, kila kilima kilionekana kinafuka moshi.

Redio ilikoroma. "Mnara, semeni basi! Ndege ya kuzimia moto ni moja tu. Niitume kilima kipi?"

"Subiri kidogo, bosi," Noelene alijibu.

"Nisubiri mpaka niive?"

Aliziinamisha lenzi chini, akazipuliza kwa kipira cha mkono cha kupulizia hewa, kisha akapitisha brashi laini. Ndipo akazipumulia, akafuta kwa kitambaa chake, taratibu, kutoka katikati kwenda nje.

"Dada, watu wataungua!"

"Nikikosea kilima ndipo wataungua."

Akainua darubini. Kilima cha kwanza, hakuna kitu. Cha pili, hakuna kitu. Kwenye cha tatu aliisimamisha darubini: moshi.

Alibonyeza redio, akataja mahali: ng'ambo ya kijito, chini ya mikaratusi, nyumba ya bati jekundu. Sauti yake haikutetemeka.

"Hata ramani hukuangalia," nilimwambia.

"Pale sihitaji ramani," alisema, darubini ikiwa bado machoni. "Nimemwacha mama yangu kitandani mle ndani."