Blanketi la Adhuhuri

Jua la saa sita lilikuwa linawaka, lakini Siwema alisimama mlangoni kwa wifi yake Zaituni akitetemeka.

"Nimefuata blanketi langu."

"Si ulinipa mwenyewe, ukasema linakuunguza?"

"Ile ilikuwa hatua ya kwanza, wifi. Daktari kasema tezi ya shingoni imevimba tangu nijifungue, bila hata kuuma. Kwanza joto na moyo kwenda mbio, kisha baridi na uchovu, halafu kwa wengi hutulia."

Zaituni akacheka. "Juzi ulikuwa na mashetani, leo mvivu. Hiyo hatua ya tatu utakuwa nani?"

"Mimi. Lete blanketi."

Akajifunika gubigubi, akaketi palepale barazani kwa Zaituni, akimwitikia salamu kila mpita njia.