Kichwa cha Mbuni Mchangani

Zamani, mayai yalipokuwa bado yakizungumza, Kasuku alirudi nyikani kutoka kwa Waingereza aliokaa nao. "Kule," akasema, "mtu akikwepa ukweli huitwa mbuni aliyeficha kichwa mchangani." Wanyama wakavunjika mbavu.

Mama Mbuni, aliyezoea kuinamia shimo lake la mchanga na kuyabembeleza mayai yake, akaona haya. Siku tatu akasimama shingo juu, kama anayeota macho wazi.

Siku ya nne uvumilivu ukamshinda, akainama.

"Enhe, anajificha!" Kasuku akacheka.

"Shuka usikilize, bwana," Mbuni akamwambia taratibu.

Kasuku akashuka, akatega sikio. Ndani ya yai, sauti nyembamba kama ya ndotoni ikauliza: "Mama, siku zote hizi ulijificha wapi?"