Ubao wa Radhiya

Siku Radhiya alipokosekana kwenye chuo cha Kurani, Maalim Amur aliuacha ubao wake ukutani, akidhani ni homa ya kupita. Homa ikamchukua. Walimzika hapo hapo Makoongwe, nguo zake zikatolewa sadaka. Baada ya arubaini, mama yake, Bi Mize, alikuja chuoni akakaa mkekani pamoja na watoto.

"Nataka kummalizia somo lake, Maalim. Aliliacha njiani."

Ubaoni ilikuwa sura ya Wadhuha, kwa mkono wa Radhiya mwenyewe, herufi zimelalia upande.

"Sharti unalijua," alisema Maalim. "Ukisoma mpaka mwisho, nakupitisha, ubao unaoshwa maandishi yote, unaandikiwa sura nyengine. Usipojua, sikupitishi kwa kukuonea huruma. Kupima watu ni amana. Kesho mbele ya Mola nitaulizwa."

"Najua, Maalim."

Akaanza vizuri. Alipofika aya ya mwisho akanyamaza.

"Imenipotea."

"Bado. Rudi kesho."

Kesho yake ikawa vile vile, na mwezi mzima vile vile. Hakukosea hata herufi moja. Akifika pale alinyamaza tu. Bakuli la maji ya kuoshea lilikuwa ubavuni pake, naye hakulitazama.

Maalim alianza kukonda. Katika kila sala alimwombea mama yule afunguliwe ulimi.

"Mtu mzima, aya moja," Othman, mmoja wa wanafunzi, alinong'ona. "Hata Duni atampita."

"Soma lako wewe," Maalim alimkemea.

Asubuhi moja Bi Mize alikwisha ambiwa "bado", yuko mlangoni anavaa makubadhi. Ikawa zamu ya Duni, mdogo kuliko wote. Naye alikuwa kwenye Wadhuha, akakwama kwenye aya ya mwisho.

Bi Mize akamtajia, bila kugeuka, aya nzima, kama mama anayemjibu mwanawe jikoni.

Maalim akaushusha ubao wa Radhiya ukutani, akalivuta bakuli auoshe.

"Maalim," alisema Bi Mize. Akakaa kizingitini.

Watoto walimtazama mwalimu wao. Yeye alizitazama zile herufi zilizolalia upande, akazitazama sana. Kisha akainuka, akayamwaga maji nje.

"Bado, Bi Mize. Rudi kesho."

Anarudi kila siku.