Tone Lenye Moshi

Palikuwa na Ngiri mbishi, aliyechoma mkaa mpaka mlima ukabaki na upara. Mafuriko yakaja mara tatu kwa msimu mmoja, kimyakimya, bila ngurumo. Kanga, aliyepoteza mayai yake yote, akaliomba baraza la wanyama litunge sheria ya kuzima matanuri ya mkaa.

"Dada Kanga, mvua ni mvua," Ngiri alicheka. "Nionyeshe tone moja tu lililotoka kwenye moshi wangu!"

Baraza likaiweka sheria kando.

Mafuriko ya nne yaliingia shimoni kwa Ngiri, naye yuko mlimani. Kanga akamvuta mtoto wa Ngiri kwa sikio kutoka majini, akamfunika kwa mbawa zake.

Ngiri alifika akitweta, ngozi yake ikinuka moshi. Mtoto akanong'ona, "Baba, maji yananuka kama wewe."

Kesho yake Ngiri mwenyewe aliipeleka barazani sheria ya Kanga.