Mshale wa Juu

Ofisini kwetu Hyderabad, kanzidata, ghala la rekodi zetu zote kwenye kompyuta, ikigoma, siku hizi hawaniiti mimi. Wanaitaja kwa sauti namba ya kosa inayotokea kwenye kioo, na Sireesha, binti aliyekuja juzi tu, anawajibu palepale kitini kwake, kana kwamba kosa lenyewe kalizaa yeye.

"Hicho ndicho kichwa!" bosi husema. Mimi hutabasamu, roho inaniuma kama jino bovu.

Leo alipotoka kufuata chai, niliketi kwenye kompyuta yake. Nikabonyeza kitufe cha mshale wa juu, ule unaorudisha amri zilizokwisha kuandikwa.

Kumbe! Alama ya kuuliza, kisha namba ya kosa. Basi. Mashine yenyewe inamweleza kosa ni nini na dawa yake. Hana kichwa wala nini. Anasoma!

Nikainuka nimuumbue mbele ya wote. Papo hapo mtu akapiga kelele kutoka upande wa malipo: "Mia nane na tatu! Sireesha! Wateja wamekwama!"

Vidole vyangu vikawahi kuliko kinywa. Nikaandika, nikasoma, nikapaza sauti: "Kuna rekodi mnaiingiza mara ya pili! Itafuteni ile ya kwanza!"

Makofi yakalipuka.

"Kumbe dada mkubwa naye yumo!" bosi akacheka. "Tena kwa kichwa!"

Ningeweza kusema ukweli. Nikanyamaza, mashavu yakiniwaka kwa raha.

Sireesha alikuwa nyuma yangu, vikombe viwili mkononi. Akainama, akaifuta ile amri kwenye kioo, akanisogezea kikombe kimoja.

"Kunywa, dada," akaninong'oneza. "Kesho zamu yangu."