Sanduku Lisilopokea Hasira

Sanduku la malalamiko pale shuleni hupokea maneno ya mzazi aliyetulia tu. Unaweka kidole, linapima mapigo ya moyo, na moyo ukiwa umepanda linakwambia, "Rudi kesho, mama." Mimi limenirudisha siku tisa. Mjukuu wangu Mwanahawa, wa darasa la sita, amepelekwa darasa la tatu kwa kuchanganywa na mwenzake wa jina hilohilo. Sasa anakaa na watoto wanaomfikia kiunoni.

Basi kila alasiri nikawa najizoeza huku nachagua mchele, nalisema jambo lile polepole, pumba moja, neno moja.

"Bibi, kwani huna hasira tena?" Mwanahawa akaniuliza.

"Ninayo, mjukuu wangu. Nimeifunika tu."

Siku ya kumi sanduku likanikubali. Nikaeleza yote, hadi magoti yake yasiyoenea chini ya dawati. Likajibu, "Ahsante, mama. Kwa kuwa mlalamikaji ametulia, jambo limehesabiwa kuwa limekwisha."

"Halijakwisha," nikasema, nikavuta kiti, nikakaa. "Andika tena, tangu mwanzo."

Kidole changu kilikuwa bado palepale. Nikangoja moyo upande, nao haukupanda.